Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali, benki na ofisi za umma Dodoma: semeni nasi wenyewe

Kwa:
Waheshimiwa wakuu wa hospitali, benki, ofisi za umma na vituo vya usafiri,
Jiji la Dodoma.

Waheshimiwa,

YAH: NAMNA WATUMISHI WENU WANAVYOTUHUDUMIA SISI TUSIOONA NA WENYE UONI HAFIFU

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mkazi wa jiji hili. Nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa bado kazini, kutokana na presha ya macho, na tangu hapo nimeendelea kufundisha, kulea familia na kufuatilia mambo yangu mwenyewe. Nawaandikieni hadharani kwa sababu njia za kawaida zimegonga mwamba. Nimetumbukiza maoni katika masanduku yenu, nikiandikiwa na watu wa nyumbani kwangu. Nimepeleka barua, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimekaa mbele ya maofisa wa huduma kwa wateja walionisikiliza kwa upole na kunisindikiza hadi mlangoni. Wenzangu nao wamefanya hivyo hivyo. Jibu limekuwa ni kwamba suala letu limepokelewa na litafanyiwa kazi, na hadi leo ninapoandika, halijafanyiwa kazi.

Sitaitaja taasisi yoyote wala mtumishi yeyote kwa jina. Sitafuti mtu afukuzwe kazi, na ninayoyaeleza hayatokei mahali pamoja tu. Namwomba kila mkuu atakayesoma barua hii aulize hali ikoje getini kwake, mapokezi kwake na kwenye dirisha lake la dawa.

Dai letu ni moja. Mtu asiyeona akifika kwenu, ahudumiwe yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye shida, mwenye fedha na mwenye uamuzi, hata kama amefika akiwa ameshika bega la mtoto. Hoja zote zinazofuata zinatokana na dai hilo.

Kabla ya kuzieleza, nikumbushe jambo moja kuhusu mkoa wetu, kwa maana nimeshaambiwa kwamba watumishi hawajazoea watu kama sisi. Dodoma ni mkoa mkavu, maji vijijini ni ya shida, na kwa vizazi vingi ugonjwa wa vikope, unaoitwa pia trakoma, umewapofusha wazee wetu. Vimelea vyake huhama kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine kwa mikono, nguo na nzi. Mtu akiambukizwa tena na tena, sehemu ya ndani ya kope hupata makovu, kope hujikunja kwa ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho mwaka hadi mwaka mpaka kinafifia. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa kuhusu ugonjwa huu unasomwa na wataalamu wa macho duniani. Hospitali ya Mvumi imejulikana kwa huduma za macho kwa miaka mingi. Buigiri, wilayani Chamwino, kuna shule ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Kwa hiyo bibi asiyeona anayefika kwenye zahanati au benki ya Dodoma si jambo geni, na mtumishi aliyekulia mkoa huu amekwisha kukutana naye, pengine nyumbani kwao.

1. Getini tunachukuliwa kuwa tumefuata msaada

Kuna siku nilikwenda benki kufuatilia pensheni yangu, nimevaa koti, kitambulisho kikiwa mfukoni na fimbo nyeupe mkononi. Kabla sijafika kwenye ngazi, mlinzi aliniwahi na kuniambia, "Mzee, leo hakuna, pita Ijumaa." Alisema kwa adabu kabisa. Aliamini nimekuja kuomba, na Ijumaa ndiyo siku ambayo wenye maduka wengi hutoa sadaka. Nilipomwambia kwamba nina akaunti hapo, aliniuliza nimekuja na nani.

Wapo wenzetu wanaoomba barabarani, na umaskini uliowafikisha huko ni suala zito linalostahili barua yake. Lakini mlinzi hana mamlaka ya kupanga watu kwa kuangalia fimbo. Mtu wa kwanza kukutana na mteja wenu ni mlinzi huyo, na mara nyingi yeye ni mwajiriwa wa kampuni nyingine, hivyo mafunzo yoyote mnayoyatoa kwa watumishi wenu humpita. Salamu moja na swali la kawaida, "Karibu mzee, unahitaji huduma gani?", lingetosha.

2. Maswali yetu wanaulizwa wengine

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, nami naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Nilikwenda hospitali kwa tatizo la haja ndogo, tatizo ambalo wanaume wengi wa umri wangu wanalifahamu. Aliyenisindikiza ni mjukuu wangu wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita, kwa kuwa wakubwa wote nyumbani walikuwa kazini. Tulipoingia, daktari alimkaribisha mtoto, akamwambia anikalishe, kisha akamuuliza, "Babu anasumbuliwa na nini?" Mtoto akasema hajui. Daktari akaendelea: "Usiku anaamka mara ngapi kwenda chooni? Mkojo unatoka vizuri au unakatika?" Nilisikia viatu vya shule vya mjukuu wangu vikisugua sakafu, jinsi anavyofanya anapoona aibu. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hajui. "Basi muulize," daktari akasema. Mtoto akanigeukia na kunirudia maswali yale kwa Kiswahili kile kile, na daktari akiwa upande wa pili wa meza, karibu kiasi cha kunisikia nikipumua. Nilimjibu daktari moja kwa moja. Yeye akampa mtoto maelezo ya kipimo.

Waheshimiwa, mtoto yule hakustahili kuulizwa habari za mwili wa babu yake, nami sikustahili kuzungumziwa nikiwa nimekaa hapo. Zaidi ya heshima, hii ni tiba mbaya. Maelezo ya mgonjwa ndiyo msingi wa uchunguzi, na daktari anayeyachukua kwa mtoto anachukua makisio. Maelekezo ya kipimo nayo yalikabidhiwa kwa mtu ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye kutoka chumbani humo.

Wanawake wasioona wana simulizi nzito kuliko yangu. Wapo waliofika kliniki ya wajawazito wakaulizwa mbele ya foleni, "Sasa mtoto utamleaje?" Wapo ambao njia ya uzazi wa mpango ilijadiliwa na dada au mama mkwe aliyewasindikiza, wao wakaambiwa tu wapande kitandani. Mwanamke mzima mwenye akili timamu ndiye anayetoa ridhaa juu ya mwili wake. Kutoona hakumwondolei haki hiyo, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unawataka watoa huduma za afya watuhudumie kwa ridhaa yetu wenyewe, baada ya kuelezwa na kuelewa.

Namna sahihi si ngumu. Mtumishi ajitambulishe kwa jina na kazi yake, kwa kuwa siwezi kusoma beji wala kutambua koti jeupe. Aniite kwa jina langu anaponiuliza, kwa kuwa sioni kama amenitazama mimi au mwingine. Kama hajui jina, aniguse kidogo nyuma ya kiganja, kisha aseme. Atumie sauti ya kawaida, maana wengi hupaza sauti kana kwamba hatusikii. Kabla ya kunigusa, kunichoma sindano au kunifunga mkanda wa kupima presha, aseme anachotaka kufanya na ni mkono upi. Akiondoka chumbani, aage. Mara nyingi nimejikuta nikimweleza dalili zangu mtu ambaye ameshatoka.

Msindikizaji naye ana nafasi yake. Ananiongoza njia, na nikitaka anisomee karatasi nitamwomba mimi. Nikitaka abaki nje, atabaki nje, na swali la kama aingie ama abaki niulizwe mimi.

3. Siri zetu zinatangazwa

Katika benki, nimesomewa salio langu kwa sauti iliyosikika hadi kwenye viti vya kusubiria. Nimeambiwa nilete shahidi ili nitoe fedha zangu, pamoja na kwamba kitambulisho changu, alama za vidole na sahihi yangu vyote vipo katika kumbukumbu zao. Nimewekewa karatasi niweke dole gumba bila kusomewa kilichoandikwa, na nilipoomba kusomewa niliambiwa ni fomu ya kawaida tu. Mkataba nilioutaja unazitaka nchi zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanasimamia mambo yao ya fedha na kupata mikopo ya benki sawa na wengine. Kama mna kanuni ya ndani inayomtaka asiyeona aje na shahidi, naomba mtuonyeshe imeandikwa wapi na inasimama juu ya sheria ipi.

Kwa mawakala wa fedha za simu hali ni mbaya zaidi, kwani mtu anaambiwa ataje namba yake ya siri ili awekewe. Nawafahamu watu walioibiwa kwa njia hiyo. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kusoma skrini, na tukivaa kisikilizi cha sikioni tunaweza kufanya muamala wenyewe bila mtu kusikia, mradi tupewe nafasi. Fomu zenu nazo tunaweza kuzijaza wenyewe nyumbani mkitutumia zikiwa katika maandishi yaliyochapwa. Fomu iliyopigwa picha na kutumwa haitufai, kwa kuwa programu hizo kwa kawaida hushindwa kusoma picha vizuri.

Fedha taslimu zitajwe noti kwa noti wakati zinawekwa mkononi mwangu: elfu kumi, elfu tano, elfu mbili. Noti zetu zinatofautiana urefu kidogo, na mwenye mazoea huzipambanua kwa vidole, lakini noti iliyochakaa na kukunjika pembe hata vidole vilivyozoea vinaikosea. Mkinirushia bunda lote juu ya kaunta na kumwita wa nyuma yangu, mmeniacha nihesabu fedha zangu mbele za watu nisiowajua.

4. Tunashikwa na kuvutwa

Nikishuka kwenye basi, mkono mmoja hunikamata begani, mwingine hunyakua mkoba wangu, na wa tatu huvuta ncha ya fimbo, wote wakiniuliza naenda wapi baada ya kuwa tumeshaanza kwenda. Tunasukumwa juu ya ngazi za mabasi na kupandishwa bajaji kama mizigo. Wengi wanaofanya hivi wana nia njema kabisa, nami nalitambua hilo. Naandika ili nia hiyo ipate njia.

Fimbo nyeupe inafanya kazi kwa kuchezeshwa kushoto na kulia, ikitangulia hatua moja mbele ya mguu. Kwayo ninajua kuna mtaro, ngazi, ukuta au bodaboda iliyoegeshwa njiani. Sauti yake ikigonga zege ni tofauti na ikigonga vumbi, na tofauti hiyo inaniambia nimetoka barabarani au la. Anayeishika fimbo yangu ili anivute ananiziba njia ile ile anayodhani ananionyesha. Anayenishika mkono wenye fimbo anafanya hivyo hivyo, na anayenisukuma kutoka nyuma ananitanguliza mimi kwenye hatari ambayo yeye anaiona na mimi siijui.

Namna ya kumwongoza mtu asiyeona hufundishika kwa dakika chache. Kwanza, uliza kama anahitaji msaada, na akisema hapana, mwache kwa amani. Akikubali, gusisha mkono wako kwenye mkono wake, naye atakushika juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yako, na kwa namna hiyo mwili wako utamweleza kila kona na kila kituo. Mkifika kwenye ngazi, simama na useme kama ni za kupanda au za kushuka, na umwambie mnapofika ya mwisho. Njia ikiwa nyembamba, peleka mkono wako nyuma ya mgongo wako, naye atajipanga nyuma yako. Kwenye kiti, weka mkono wake juu ya egemeo. Atakaa mwenyewe, hana haja ya kukandamizwa mabega. Kwenye gari, mwonyeshe ukingo wa juu wa mlango asije akajigonga kichwa. Kama unalazimika kumwacha kidogo, mwache karibu na ukuta au kiti na umwambie unaondoka. Mtu asiyeona akiachwa katikati ya ukumbi mpana, hana chochote cha kumwambia ameelekea upande gani.

Mtu yeyote anayevaa sare katika stendi zenu, stesheni na kumbi za mapokezi anaweza kujifunza hayo asubuhi moja na kuyatumia jioni yake.

5. Maelekezo na dawa

"Nenda pale, pinda kule, dirisha lile" ni maelekezo ya mtu anayeona mkono wako. Tuambieni mlango wa pili kushoto baada ya ngazi. Na pale mlipoweka skrini inayoonyesha namba za foleni, namba hiyo iitwe pia kwa sauti. Nimewahi kukaa hadi ofisi inafungwa kwa sababu namba yangu ilipita kimya kimya.

Dawa ni suala la uhai. Dirishani tunapewa vifuko viwili au vitatu, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu moja mara tatu au mbili mara mbili, na ndani vidonge vinafanana kwa umbo na ukubwa. Mfamasia aliyewahi kunitendea vizuri alinifungulia kila kifuko mkononi, akanitajia jina la dawa na kazi yake, akafunga mpira mmoja kwenye ya asubuhi na miwili kwenye ya usiku, kisha akaniomba nimrudie maelezo. Haikumchukua muda mrefu kuliko aliouchukua kwa mteja aliyenitangulia. Huyo ni mtumishi wa hapa hapa Dodoma, hivyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba jambo hilo haliwezekani.

6. Wenye uoni hafifu wanatuhumiwa kuigiza

Wenzetu hawa wana mtihani wa aina yao. Kijana anasimama dirishani, anaomba asomewe fomu, kisha simu yake inaita naye anaitazama. Mtumishi anamwambia, "Mbona simu umeiona?" Ameiona kwa sababu herufi zake amezikuza mpaka zimejaza skrini, na kioo amekileta karibu na pua. Herufi ndogo za fomu hawezi kuzisoma.

Macho hayafifii kwa namna moja. Presha ya macho kwa kawaida hula pembeni kwanza, hivyo mtu anaweza kukutazama usoni na bado akajikwaa kwenye ndoo iliyo karibu na mguu wake. Mwenye mtoto wa jicho anaona kama kuna ukungu, na jua la mchana la Dodoma linaumaliza uwezo hata ule mdogo alionao. Kuna maradhi ya retina yanayoanza kwa kumnyima mtu kuona gizani, na huyo anayetembea vizuri saa sita mchana anahitaji kushikwa mkono saa moja jioni. Watu wenye ualbino wengi wao wana uoni hafifu na macho yao huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo mtumishi anayekaa kulipa mgongo dirisha linalopigwa na jua amewafanya wasione kitu chochote mbele yao.

Msiwadai ushahidi. Mtu akisema hasomi maandishi hayo, msomeeni, au mpeni nakala yenye herufi kubwa nyeusi zilizokolea. Ukingo wa ngazi upakwe rangi ya njano. Gharama yake ni kopo la rangi.

Majibu ambayo tumekwisha kupewa

Naomba nijibu mapema, ili tusirudishane nyuma.

Tumeambiwa hakuna bajeti. Kuniita kwa jina, kujitambulisha, kuniuliza kabla ya kunishika na kutaja noti moja moja havihitaji kifungu cha fedha. Mashine za nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole, na majengo mapya tutayazungumza kwa wakati wake, lakini msiyatumie kuahirisha yale ambayo yanaweza kuanza kesho asubuhi.

Tumeambiwa wateja ni wengi na foleni ni ndefu. Najua ni ndefu, nami hukaa humo. Jiji hili limekuwa makao makuu ya nchi kwa uamuzi wa mwaka 1973, Serikali imehamia, ofisi zake za Mtumba zinapokea watu wa kila mkoa, na treni ya mwendokasi imeongeza wageni tangu mwaka 2024. Kwa hiyo asiyeona atakayesimama mbele yenu anaweza kuwa ametoka Kigoma au Mtwara na hana ndugu wa kumshika mkono hapa. Wingi wa watu ni sababu ya kujiandaa zaidi. Isitoshe, muda unaopotea kumtafutia mtu shahidi, kubishana naye getini na kumrudisha kesho yake ni mwingi kuliko ule wa kumsomea ukurasa mmoja.

Tumeambiwa masharti ya kuja na msindikizaji au shahidi yapo kwa ajili ya kutulinda. Tunaibiwa na hao hao tunaolazimishwa kuja nao. Ulinzi tunaouhitaji ni kusomewa karatasi nzima, kupewa nakala na kuachiwa siri yetu.

Tumeambiwa pia kwamba wengine hawalalamiki. Wengi hawalalamiki kwa sababu wanaogopa kuwekwa mwisho wa foleni siku watakaporudi, na kwa sababu mlango wa malalamiko ni karatasi ndani ya sanduku, ambayo asiyeona hawezi kuiandika bila kumweleza mtu mwingine. Wakati mwingine mtu huyo ni mtumishi yule yule anayelalamikiwa.

Na jibu la mwisho, kwamba tusubiri mwongozo kutoka juu. Mwongozo upo. Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sera ya Taifa kuhusu watu wenye ulemavu ilitoka mwaka 2004. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ilipitishwa na Bunge linalokutana katika jiji hili hili, nayo inakataza ubaguzi na inatupa haki ya huduma za afya, taarifa na mazingira yanayofikika. Mkuu wa taasisi hahitaji ruhusa ya mtu yeyote ili awaagize watumishi wake kutii sheria hiyo.

Tunachoomba

Kabla ya tarehe 15 Oktoba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Fimbo Nyeupe, tunaomba kila mkuu aliyetajwa mwanzoni mwa barua hii atoe waraka kwa watumishi wote, wakiwemo walinzi walioajiriwa kupitia kampuni, unaoagiza kwamba mteja au mgonjwa asiyeona asemeshwe yeye mwenyewe, aulizwe kabla ya kushikwa, na asomewe kila karatasi kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Waraka huo ufute sharti lolote la kumtaka aje na msindikizaji au shahidi kama mtu anayeona hatakiwi kufanya hivyo kwa huduma hiyo hiyo.

Tunaomba mafunzo ya nusu siku kwa watu wa getini, mapokezi, kaunta na dirisha la dawa, yakiongozwa na watu wasioona wenyewe na wenye uoni hafifu, kwa malipo ya halali kama anavyolipwa mkufunzi mwingine. Mjadala ukumbini hautoshi. Kila mtumishi amwongoze mtu asiyeona kutoka getini hadi chumba cha daktari, kupitia ngazi na choo, akisahihishwa papo hapo.

Tunaomba namba za foleni ziitwe kwa sauti, fomu zipatikane kwa maandishi yanayosomeka na simu, na malalamiko yapokelewe kwa kupiga simu, kwa ujumbe wa sauti na kwa nukta nundu. Katika kila taasisi awepo mtumishi mmoja anayefahamika kwa jina na namba ya simu ya ofisi, ambaye atawajibika kutujibu.

Jumatatu ya kwanza baada ya tarehe hiyo, mimi na wenzangu tutaanza kupita katika ofisi zenu kuomba nakala ya waraka. Tutafika kwa miguu yetu, na tunaomba atakayetupokea azungumze nasi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu asiyeona,
Jiji la Dodoma.

Nakala:
Mkuu wa Mkoa wa Dodoma
Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma
Chama cha Wasioona Tanzania
Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania